Baada ya Misa ya Kwanza

Kila msimu wa kahawa, baba yangu alitenga debe la kwanza la maganda kabla ya kugusa mengine. Lilikaa peke yake kando ya ukuta wa jikoni, limefunikwa kwa gunia, na sisi watoto tulijua kwamba hilo si letu. Lilikuwa la Rubya. Kahawa iliyobaki ndiyo iliyolipa ada zetu, sare, chumvi, mafuta ya taa na madeni ya dukani. Debe lile lilikwenda chama cha msingi kwa hesabu yake, na fedha yake ikaingia kwenye daftari la miito la kigango, ambalo baba alikuwa mweka hazina wake. Tulikuwa na vijana wa kwetu katika seminari ndogo ya Rubya, na kijana wa seminari alihitaji sanduku la bati, mashuka, viatu, madaftari na nauli. Akishamaliza Rubya, akapita Ntungamo kwenye falsafa, mahitaji yaliongezeka: meli ya usiku kucha kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha treni hadi Tabora, halafu Kipalapala kwa teolojia. Safari ile peke yake ilimeza maganda mengi.

Niliyajua majina ya Rubya na Kipalapala kabla sijajua Dar es Salaam iko upande gani. Kwetu Kagera upadre haukuwa habari ya mbali. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1917 mapadre wanne wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipewa daraja takatifu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wenzao wawili walikuwa wametangulia mwaka 1913. Kisha akaja Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akawa padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamteua kuwa kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu. Tunazisoma tarehe hizo kwenye vijitabu vya jubilei, na tunafanya vema. Mimi binti wa mweka hazina huwa nawaza miaka iliyozitangulia. Nani alimnunulia yule kijana viatu? Nani alipalilia kibanja cha wazazi wake wakati yeye yuko darasani akihangaika na Kilatini?

Baba hakuwahi kusikia habari za Jeanne Bigard. Mimi nilizisoma nikiwa tayari mwalimu, na nikatamani angekuwa hai nimsimulie. Mwanamke huyo na mama yake Stéphanie, wakazi wa Caen huko Ufaransa, walipata barua kutoka kwa Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani. Askofu alikuwa na vijana waliotaka kuwa mapadre, lakini hakuwa na fedha za kuwalea, na alikaribia kuwarudisha makwao. Mwaka 1889 mama na binti wakaanzisha kazi ya kuchangia malezi ya mapadre wazalendo katika nchi za misioni. Kazi hiyo ndiyo Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo mwaka 1922 Papa Pius XI alilipa hadhi ya shirika la Kipapa, na seminari nyingi za kwetu zimekula mkate wake. Kinachonigusa katika habari hii ni wale vijana wa Nagasaki. Wao walikuwa wameshaitwa, na walikuwa wameshaitika. Kilichokosekana ni kitanda, vitabu na chakula.

Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema kwamba miito inakuja yenyewe kwa sala tu. Tunasali, na Jumapili ya nne ya Pasaka, Jumapili ya Mchungaji Mwema, tunasali pamoja na Kanisa lote, kama alivyoanzisha Papa Paulo VI mwaka 1964. Lakini baba, ambaye alisali rozari kila usiku hata akiwa na homa, hakuona kwamba rozari ile ilimwondolea wajibu wa debe.

Nyakati zilikuja kuwa ngumu. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Debe lilelile likaleta fedha kidogo sana. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko ukaingia kwenye migomba ya Muleba, na akina mama waliozoea kujitwisha mikungu ya ndizi kupeleka kwa mapadre wakabaki na vibanja vya visiki. Watu hawakuacha kutoa. Walitoa mahindi, walitoa mihogo, walitoa siku ya kazi kwenye shamba la parokia. Kitu kingine ndicho kilichobadilika polepole bila mtu kukitangaza: utoaji wetu ulihama kutoka kwenye miaka mirefu ya malezi na utume, ukajikusanya kwenye siku moja ya sherehe.

Naipenda sherehe ya upadrisho, nisieleweke vibaya. Sijawahi kumwona shemasi akilala kifudifudi sakafuni wakati Litania ya Watakatifu inaimbwa nikabaki na macho makavu. Wazazi wanapomkabidhi askofu kijana wao, vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati, kila mzazi kanisani anatamani angekuwa yeye. Ni haki yetu kufurahi. Nasema tu kwamba nimekaa kwenye kamati za sherehe hizo miaka mingi na nimeona bajeti zake: turubai, viti, muziki, keki, ng'ombe, sare za kitenge za ukoo mzima, na zawadi zinazosomwa kwenye kipaza sauti mpaka jua linazama. Padre mmoja tuliyemsindikiza hivyo alipewa makochi na jokofu kubwa. Alipangiwa parokia ya pembezoni isiyo na umeme, yenye vigango vingi na pikipiki moja iliyochoka. Msimu wa mvua ulipoanza aliugua, akalazwa, na ili alipe hospitali alikopa kwa katekista. Habari hiyo ilitufikia kwa kuchelewa, kupitia kwa mtu aliyekwenda huko kununua mahindi. Hakuna aliyekuwa amempigia simu tangu Misa yake ya shukrani.

Waamini wengi hawajui padre wa jimbo anaishi kwa nini. Wanadhani analipwa na Roma, au na askofu, au kwamba nia za Misa zinamtajirisha. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 281, inataka wakleri wapate riziki inayostahili pamoja na msaada katika ugonjwa, ulemavu na uzee. Lakini riziki hiyo hutoka kwetu. Parokia yenye zaka nzuri huweza kumpa posho ya kutosha. Parokia ambayo waamini wake wanatoa sarafu humpa sarafu. Kuhusu nia za Misa, padre anayeadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku anaruhusiwa kubaki na sadaka ya nia moja tu, isipokuwa siku ya Noeli. Nimelieleza jambo hili katika jumuiya yetu ndogo ndogo mara kwa mara, na kila mara kuna mtu anayeshangaa.

Jambo zito kuliko yote, nililifahamu kwa shangazi yangu.

Shangazi aliingia utawa akiwa msichana, na nyumbani kulikuwa na msiba wa aina yake. Kaka anapokwenda seminarini ukoo unajitapa. Binti anapokwenda utawani, wapo wanaohesabu mahari iliyopotea na wajukuu ambao hawatazaliwa. Babu yangu hakumsindikiza. Siku ya nadhiri zake za kwanza walikwenda bibi, baba yangu na jirani mmoja, na hapakuwa na turubai. Alisomea uuguzi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa wetu, yeye alikuwa wodini, na aliendelea kuwa wodini katika miaka yote iliyofuata, ile ambayo kila kijiji kilichimba kaburi kila wiki. Aliwaosha watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Mshahara wake uliingia kwenye mfuko wa jumuiya yake ya kitawa, kama nadhiri ya ufukara inavyodai, naye akapewa sabuni, nauli na viatu vikichakaa.

Kila mwaka alikuja likizo. Nilikuwa napenda sana likizo zile, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini yeye aliondoka amechoka kuliko alivyokuja. Jioni ya kwanza tulimkaribisha, tukampa kahawa ya kutafuna, tukaimba. Kuanzia asubuhi ya pili walianza kuingia mmoja mmoja. Binamu aliyetaka ada ya mtoto. Mjomba aliyetaka kazi ya mwanawe hospitalini. Jirani aliyetaka bati. Mtu aliyekumbusha kwamba yeye alitoa mbuzi siku fulani. Wote walimwita sista kwa heshima, na wote waliamini kwamba utawa una ghala lisiloisha.

"Mwanangu," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "wanadhani nimeolewa na tajiri. Mimi sina hata hela ya kumpa mtoto peremende, na nikisema hivyo wanaona nimewanyima."

Nimewaza juu ya maneno hayo kila ninapoona padre au sista anarudi nyumbani. Familia zetu zimejenga mazoea ya kuuona wito kama kitega uchumi cha ukoo. Tulichanga, kwa hiyo tunadai. Padre kijana mwenye posho ndogo anakuta wapwa wanane wanamsubiri kwa barua za shule. Akikataa, anaambiwa amesahau alikotoka. Akikubali, fedha hana, na mfuko ulio karibu naye ni wa parokia. Sisemi kwamba umaskini unahalalisha mkono kuingia pasipotakiwa. Nasema tunamweka mtu wetu mahali pa hatari halafu tunashangaa akiteleza, na wengi wasioteleza wanaishi na uchungu wa kuonekana wabaya kwa mama zao. Ikiwa kuna msaada mmoja ambao kila familia yenye padre au mtawa inaweza kuutoa, hata ile isiyo na mgomba, ni kumwachia huru asibebe ukoo. Baba alilijua hilo. Shangazi alipokuja likizo, yeye peke yake hakuwahi kumwomba kitu, na siku ya kuondoka alimpa nauli ya kwenda na kurudi ili likizo ijayo asitegemee mtu.

Kuna walioitika, wakaenda, kisha wakarudi. Hao tunawatendea vibaya.

Kijana mmoja wa kigango chetu alifika mpaka mwaka wa kichungaji, ule ambao frateri hutoka seminarini na kuishi parokiani. Katika mwaka huo aliona wazi, akisaidiwa na mlezi wake, kwamba maisha yale si yake. Alirudi na sanduku lake. Baba yake hakula naye meza moja kwa muda mrefu, na kanisani watu walimpisha kana kwamba ana ugonjwa. Kwenye kamati ya miito akasimama mzee mmoja akauliza kama familia haipaswi kurudisha michango. Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu kwa niaba ya baba ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Baba alijibu bila kupandisha sauti. Alisema fedha zile zilitolewa ili kijana na Kanisa wapate kujua Mungu anataka nini, na sasa wamejua. Kikao kikafungwa kwa sala. Kijana yule akawa mwalimu, akafundisha watoto wetu hesabu na akafundisha kwaya, na sijui parokia ingekuwaje bila yeye.

Seminari zina miaka mingi kwa sababu hiyo: gambera na walezi wapate muda wa kumtazama kijana, naye apate muda wa kujitazama. Tukimfanya aogope kurudi nyumbani kuliko anavyoogopa kupewa daraja asiloliweza, tutapata mapadre wasio na furaha. Watakaoumia ni wao na sisi.

Vivyo hivyo katika yale matangazo yanayosomwa kanisani kabla ya daraja, mwamini anapotakiwa kusema kama anajua kizuizi chochote. Tunayasikiliza kama desturi tu. Nimewahi kusikia mtu akinong'ona nje ya kanisa jambo zito kuhusu kijana fulani, na alipoambiwa aende kwa paroko akasema hataki kuharibu riziki ya mtu. Kumpenda padre hakujawahi kuwa kumfichia, si kabla ya daraja wala baada yake. Mtoto akiumizwa, au mjane akidhulumiwa, na sisi tukanyamaza kwa jina la heshima ya kanzu, tutakuwa tumemwacha mtoto, tumemwacha mjane, na tumemwacha hata padre mwenyewe azame. Wapo mapadre wengi waaminifu wanaobeba aibu isiyo yao kwa sababu mahali fulani waamini walinyamaza. Kwa ajili yao pia tunapaswa kusema.

Nilipostaafu ualimu nilianza kumtembelea padre mzee aliyenipa komunyo ya kwanza. Kanuni humtaka paroko anayetimiza miaka 75 aombe kung'atuka, na huyu aling'atuka akaenda kuishi na wazee wenzake. Kwa umri wake wote alibatiza, alifungisha ndoa, alizika. Alikuwa ameingia karibu kila nyumba ya tarafa yetu kwenye siku kubwa ya nyumba hiyo. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuta kitabu cha wageni chumbani kwake, na kurasa zake zilikuwa nyeupe sana. Padre hana mtoto wa kumkata kucha. Wengi wa rika lake wamefariki. Waliokuwa wakimjia na shida zao wamehamia kwa paroko mpya.

Hakutaka vitu. Nilimpelekea asali akaigawa. Alichotaka ni kusomewa gazeti la Kiongozi, kwa kuwa alikuwa haoni herufi tena, na kuelezwa habari za watu: fulani amejifungua, fulani ameuza shamba, wale wawili waliogombana wamepatana au bado? Akili yake ilikuwa inakumbuka majina ya watoto aliowabatiza zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Nikaanza kwenda na watu. Nilimpeleka mama mmoja ambaye ndoa yake alikuwa ameiokoa, na wakakaa wakicheka mpaka saa ya Masifu ya Jioni. Nikawapeleka vijana wa Kipaimara, nao wakamuuliza maswali ambayo hawathubutu kumuuliza paroko: kama aliwahi kupenda msichana, kama aliwahi kutaka kuacha. Aliwajibu yote kwa ukweli. Mmoja wa vijana hao yupo Ntungamo sasa.

Ninawaambia walezi wa miito wa parokia nyingine wafanye hivyo. Tunawapeleka vijana kwenye upadrisho ili wavutwe, na wanavutwa na gari lililofungwa utepe. Wapelekeni wamwone padre wa miaka 80. Wapelekeni kwa masista wazee, ambao nyumba zao zina wageni wachache zaidi, wawasikilize waliofunga nadhiri bila turubai wakaziishi mpaka nywele zikawa nyeupe. Kijana akitoka hapo bado anataka kwenda, mnaweza kuanza kumtafutia sanduku.

Shangazi alifia katika nyumba ya jumuiya yake, akiuguzwa na masista aliowalea yeye mwenyewe wakiwa wanovisi. Shirika lake lilimtunza vizuri kadiri ya uwezo wake. Dawa za miaka yake ya mwisho, hata hivyo, zilikuwa ghali, na ukoo ule uliompelekea barua za ada kwa miaka mingi ulichangishwa kwa shida. Hilo nililisema kwenye matanga, mbele ya wote, na sijutii.

Mwaka huu tuna shemasi anayetarajia kupewa daraja, na kamati imeundwa kama kawaida. Bajeti iliyoletwa ina muziki wa siku mbili. Nimependekeza muziki uwe wa kwaya yetu, turubai zipunguzwe, na fedha itakayobaki ilipie bima ya afya ya padre mpya pamoja na ya masista wanaofundisha chekechea ya parokia, kisha kila jumuiya ndogo ndogo ichukue mwaka wake wa kuilipia, ili mfuko usife siku ya pili ya sherehe. Wanawake Wakatoliki wa WAWATA wamekubali kuanza. Baadhi ya wanaume wameona kwamba tunaipunguzia familia heshima. Mama mzazi wa shemasi alisimama akasema heshima anayoitaka ni mwanawe kupata matibabu akiugua, na kwamba nyumbani kwake hakuna atakayemtumia barua ya ada. Uamuzi utafanyika Jumapili ya Mchungaji Mwema, baada ya Misa ya pili.